Majivu Kwenye Kigae

Vielelezo vilipangwa juu ya jani la mgomba mbele ya nyumba ya Mzee Asajile, hapo Ngana: kigae chenye unga wa kijivu, mfupa wa paja la ng'ombe, na chungu kilichomegeka mdomo. Sajenti Hezekia alivichuchumalia akavitazama bila kuvigusa. Watu waliosimama nyuma yake walikuwa wanangoja aseme lile walilokwisha kuliamua wao.

"Huo unga ndio sumu," alisema Mzee Asajile. "Na huo mfupa ndio uchawi wenyewe. Ulikutwa bandani kwangu, mbele ya ng'ombe wangu. Sasa unachunguza nini tena?"

"Nachunguza nilichotumwa kuchunguza, mzee."

Mshtakiwa alikuwa Felista, mke wa Anyitike, mwana wa Asajile. Alikuwa Mkisi wa Lyulilo, kule kando ya ziwa, aliyeolewa huku akaja na ufundi wake wa kufinyanga vyungu. Tangu masika ng'ombe wa maziwa wa mkwewe walikuwa wakianguka na kufa mmoja baada ya mwingine, na watu walikuwa wamemwona akiingia bandani na kigae mkononi kila mwenye banda alipotoka. Jana yake baraza la Jumbe Andongwisye lilikaa. Felista aliulizwa mbele ya wazee kama ndiye aliyeua ng'ombe, naye akainamisha kichwa ndani ya kanga asijibu neno. Akaulizwa tena, akanyamaza tena. Wazee wakasema amekiri. Kesho angepelekwa Tukuyu kwa miguu, akafungwe huko. Mtoto wake Rut, ambaye hajaacha ziwa, angebaki Ngana, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo uliotoa ng'ombe wa mahari. Yote hayo yalikatwa kabla wazee hawajala chakula cha mchana.

Sajenti Hezekia alikuwa mzaliwa wa milimani, Mnyakyusa kama wao, na kilichomchoma ni kwamba kila mtu pale alijua anachokijua yeye. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hali mbele yake, hasemi mbele yake, hapiti njia anayopita. Akimsikia anakohoa huingia migombani mpaka mzee apite. Na siku ya baraza Asajile alikuwa amekaa kiti cha mbele. Walimwuliza mwanamke swali ambalo adabu yao wenyewe ilimkataza kulijibu, kisha wakamfunga kwa kutokujibu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa hata hilo la kwanza walilifanya kwa pupa.

Aliinua mfupa akaugeuzageuza juani.

"Nani ameutafuna huu?"

"Mbwa," alisema jumbe.

"Mbwa hutoboa, jumbe. Chonge zake huacha mashimo. Huu umesagwa ubavuni mpaka umelainika kama mpini wa jembe." Akachukua na chungu, akapitisha kidole kwenye mdomo wake. "Na hiki hakikuvunjika. Kimetafunwa. Meno ni yaleyale, magego mapana."

"Ng'ombe gani anayekula vyungu?" aliuliza Asajile, na watu wakacheka.

"Ndilo swali langu hilo. Twende bandani."

Banda lilikuwa fahari ya Ngana nzima: sakafu ya saruji, paa la bati, hori moja refu kutoka mlangoni hadi ukutani. Asajile alipoingia alitembea kama bwana harusi. Watu wengine bado walilala na ng'ombe wao chini ya paa moja, moto upande huu na mifugo upande ule, kama walivyolala babu zao. Yeye alikuwa amewatoa.

"Bwana wa kilimo mwenyewe alisimama hapa akanishika mkono," alisema. "Akasema Mwafrika mwenye akili ni huyu."

"Wanakula nini?"

"Pumba za mpunga, za mashine. Mabua ya mpunga juu yake. Tazama hori, limejaa. Kabla ya balaa hili maziwa yalikuwa yanamwagika, tunakosa vyombo."

"Majani mabichi?"

"Ya nini? Malisho nimeyalima mpunga. Mnyama amekaa kivulini analetewa chakula, unataka nini zaidi?"

Sajenti alichota pumba, akazinusa, akazirudisha. Zilikuwa safi, kavu, hazina harufu mbaya wala ukungu.

"Walioanguka ni wepi?"

"Wazuri wote. Wenye maziwa. Huanguka wakishazaa tu."

"Fahali?"

"Mzima."

"Mitamba?"

"Wazima."

"Na wote wanakula hori hili moja?"

"Hili moja."

"Basi hiyo ni sumu yenye macho, mzee. Inawapita fahali na mitamba, inamtafuta aliyezaa."

Sajenti alikuwa ameshasogea mlangoni, ambako ng'ombe mwekundu alisimama akimnyonyesha ndama, manyoya yakimng'aa. Kwenye ncha ile ya hori, na hapo tu, ule unga wa kijivu ulikuwa umegandia kwenye saruji. Ulimi wa ng'ombe ulikuwa umepalamba mpaka pameng'aa.

"Huyu alizaa lini?"

"Kabla ya wengine wote. Mungu kamlinda."

"Mungu alimlinda, au alikuwa karibu na mlango?"

"Sikuelewi."

"Nami bado sijajielewa vizuri. Lakini huyu ndiye aliyekula unga huu kuliko wote, na ndiye mzima kuliko wote."

Asajile alikunja uso. "Wewe ni askari au wakili wake? Nenda dukani kwa Abdala basi. Mwanamke alionekana kule. Sumu haikuanguka kutoka mbinguni, kuna aliyemuuzia."

Lilikuwa shauri la haki, hata kama lilitolewa kwa nia mbovu, na Sajenti hakuona aibu kulifuata.

Abdala alikuwa na duka lililojengwa kwa mabati njiapanda, baba yake alikuja na msafara kutoka pwani akafia hapo. Alimwona Sajenti kwa mbali akaanza kupanga viti.

"Karibu, Afande. Nimekungoja tangu jana. Huku mbuzi akiharisha, lawama huja kwangu kabla hajamaliza."

"Felista alinunua nini hapa?"

"Hakununua. Alileta chungu, nikampa chumvi ya mawe. Hii hapa." Alichovya kidole kwenye gunia, akakilamba, akamsogezea Sajenti. "Lamba na wewe. Ndiyo napikia mchuzi wangu."

Sajenti alilamba. Ilikuwa chumvi.

"Kwa nini mwanamke atoe chungu chake kwa chumvi ya mawe?"

"Hata mimi nilimwuliza. Mkwewe alikuwa mteja wangu mkubwa, kila gulio anabeba chumvi ya ng'ombe. Alipomaliza kujenga lile banda lake akaacha. Mama wa watu akasema ng'ombe wanalia chumvi, naye hawezi kumwambia mwenyewe. Basi siku Mzee Asajile alipopita nikamwambia mimi. Nikamwambia, mzee, mbona hununui tena chumvi?"

"Akasemaje?"

"Akasema mambo ya chumvi ni ya ng'ombe wa washamba. Wake wana pumba." Abdala alifunga mdomo wa gunia kwa hasira, kamba ikamkatikia mkononi. "Leo mimi nimekuwa muuza sumu. Andika hilo pia, Afande."

Sajenti alirudi kwa Asajile akiwa na haraka. Felista alikuwa amefungiwa jikoni kwa mama mkwe wake, Neli, na mlinzi wa jumbe mlangoni. Kabla ya kuingia alimwita mzee.

"Mugonile, tata," alimsalimu kama mtoto anavyomsalimu baba. "Naomba uende ng'ambo ya mto mpaka nikuite."

"Nifukuzwe nyumbani kwangu kwa ajili ya mwanamke?"

"Umemshtaki mtu ambaye hawezi kusema ukiwepo. Ama uende, ama niandike Tukuyu kwamba mlalamikaji alimziba mshtakiwa mdomo. Bwana Shauri wa wilaya huwa anapenda kusoma mambo ya namna hiyo."

Asajile alikwenda. Aligonga fimbo yake chini kwa kila hatua, lakini alikwenda.

Jikoni kulikuwa na moshi na kilio. Rut alikuwa amelala juu ya paja la mama yake, anahangaika na ziwa ambalo tangu jana lilikuwa halitoi vizuri. Felista hakuinua kichwa mpaka Neli alipochungulia nje na kusema, "Amevuka mto."

"Mama Rut," alisema Sajenti, "ule unga ni nini?"

"Majivu."

"Ya nini?"

"Ya tanuri langu. Na ya jiko hili. Nilichanganya na chumvi nikaisaga."

"Kwa nini uliwapelekea ng'ombe majivu?"

"Walikuwa wanayataka." Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini haikutetemeka. "Walipokuwa wanalala humu ndani na sisi, kila asubuhi walikuwa wanalamba jikoni. Tukiamka tunakuta majivu yamelambwa mpaka kwenye mafiga. Mama huyu ni shahidi."

"Ni kweli," alisema Neli. "Nilikuwa nawapiga na mwiko."

"Walipohamishiwa kule wakaanza kula vyungu vyangu. Wakitolewa kwenda kunywa maji, wanavimega nilipovianika. Mmoja aliokota mfupa jaani, anatafuna kutwa nzima, mate yanamtoka. Nikamwambia Anyitike amwambie baba yake. Anyitike akasema ukimwambia baba habari ya banda lake anakasirika. Basi nikapeleka mwenyewe."

"Kwa kunyemelea."

"Sikunyemelea, Sajenti. Nilikuwa namkwepa mkwe. Ningeingiaje bandani naye yumo? Nangoja atoke, naingia, namwaga pale mlangoni, naondoka kabla hajarudi. Wa ndani kabisa sikuweza kuwafikia." Alimwangalia mtoto. "Wa mlangoni hakufa. Niliwaza, kama wangeniacha ningefika hadi mwisho."

"Na barazani kwa nini hukusema hivi?"

Felista alimtazama Sajenti kwa mara ya kwanza, na aliyeinamisha macho akawa Sajenti. Alijua lilikuwa swali la kipumbavu, lakini sheria ilitaka aliulize.

Neli ndiye aliyejibu. "Angesema, mwanangu, wangemrudisha kwao kwa kukosa adabu. Hakusema, wanampeleka gerezani. Sisi wake za watu tungefanya lipi?"

Mara kelele zilipigwa bandani. Ng'ombe mweusi wa mwisho wa hori, aliyezaa alfajiri, alikuwa ameanguka. Asajile alikuwa amevuka mto tena, anakimbia huku amejishika kichwa.

"Amefanya tena!" alipiga kelele. "Mmeona? Amefanya tena!"

"Nani?"

"Yule Mkisi!"

"Yule Mkisi amefungiwa jikoni tangu jana, mlinzi mlangoni, na mimi nilikuwa naye sasa hivi." Sajenti aliwageukia watu waliokuwa wamejaa mlangoni. "Nani kati yenu amemwona akitoka? Jumbe?"

Jumbe Andongwisye alikohoa.

"Hakuna," alisema Sajenti. "Hajaleta kigae tangu jana, na ng'ombe ameanguka. Sasa niambieni kigae kilikuwa kinaangusha au kilikuwa kinasimamisha."

Haruni, bwana mifugo wa upande wa Talatala, alikuwa ameitwa na Sajenti tangu asubuhi, na baiskeli yake ikafika wakati huo huo ikiwa na tope hadi kwenye tandiko. Aliingia akapiga magoti kwenye saruji. Akashika masikio ya ng'ombe, akagusa pua, akatazama jinsi shingo ilivyopinda kichwa kikalalia ubavu.

"Masikio ya baridi. Pua kavu. Hana povu, tumbo halijavimba, haharishi," alisema. "Sajenti, hii si sumu. Naombeni maji ya moto nipashe chupa."

Chupa ilipopata joto aliitundika kwenye fimbo ya Asajile mwenyewe, akachoma sindano shingoni, akaiacha dawa iingie polepole huku mkono wake mwingine ukisikiliza moyo. Ng'ombe alitetemeka mapajani. Akacheua. Akanya. Kisha akainua kichwa, akakitazama kile kikundi cha wanaume kama anayewashangaa, akajikaza kwa miguu ya nyuma na kusimama.

Mtu mmoja nje alisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo.

"Chokaa," alisema Haruni akifuta sindano. "Ndani ya chupa mna dawa ya chokaa, basi. Ng'ombe akizaa maziwa yanashuka kwa wingi, na maziwa yanabeba chokaa ya mwili wake. Kama chakula hakina, anaitoa kwenye mifupa yake na damu yake mpaka anaanguka. Pumba zinaleta maziwa, ndiyo, lakini chokaa hazina, na hiyo kidogo iliyopo zinamzuia asiipate vizuri. Ng'ombe mwenyewe anajua anachokosa. Ndiyo maana anakula mifupa, vyungu na majivu."

"Majivu yana chokaa?" aliuliza Sajenti, na aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Majivu ya kuni yanayo. Wazee wetu walilala na ng'ombe na moto ndani ya nyumba moja, wakawa wanawalisha bila kujua. Ukimhamishia kwenye saruji, sharti uyahamishe na majivu. Chumvi usimnyime. Mifupa uichome, uisage, uchanganye na pumba kidogo. Majani mabichi, marando ya viazi, majani ya maharage kila siku. Ukianza kabla hajazaa, hutaniita na sindano." Aligeuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Lakini haya Mzee Asajile anayajua. Nilimwambia hapa hapa, saruji ikiwa bado mbichi. Nikamwambia tena ng'ombe wa kwanza alipokufa."

Sajenti alijua kazi yake ilikuwa imefika mwisho wake, na kwamba palipobaki ni pabaya kuliko sumu.

"Ni kweli, mzee?"

"Alisema mifupa," alisema Asajile. "Nichome mifupa, niisage, niiweke bandani mwangu? Watu waione mifupa imesagwa kwangu, waseme utajiri wa Asajile ni wa uchawi? Mtu mwenye banda la bati hana maadui?"

"Kwa hiyo uliogopa kuitwa mchawi."

"Nani asiyeogopa?"

"Ukaona ni heri aitwe mkweo." Sajenti hakupaza sauti, hakuhitaji. "Ng'ombe alipokufa uliyakumbuka maneno ya bwana mifugo. Ulikaa mbele ya baraza ukiyakumbuka. Ukamwona mama anayenyonyesha akiulizwa, ukajua kwa nini hajibu, ukajua hata ng'ombe wanakufa kwa nini, ukanyamaza. Yeye alinyamaza kwa heshima yako. Wewe ulinyamaza kwa nini?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mara nyingi hukuta mtu mwingine ameshatumbukizwa mle kabla yake.

Jumbe Andongwisye aliona ni wakati wa busara, yaani wakati wa kuzika jambo. "Basi, Sajenti. Ng'ombe amesimama, Mungu ashukuriwe. Mwanamke afunguliwe arudi kwenye kazi zake. Mambo ya nyumba hayamalizwi na askari."

"Alishtakiwa mbele ya watu, jumbe. Atasafishwa mbele ya watu. Na atakayesema ni aliyemshtaki."

"Siwezi kusema naye," alisema Asajile upesi, na wengi wakaitikia kwa vichwa. "Ni mkwe wangu. Mila yetu unaijua."

"Naijua. Mila haikukuzuia kumwita mchawi yeye akiwa amejifunika kanga mbele yako. Neno lako la jana lilipata njia ya kumfikia. Hili la leo na lipite njia ile ile."

Asajile aliwatazama watu mmoja mmoja akitafuta uso wa kumwokoa. Abdala alikuwa amefunga duka akaja. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Anyitike, mume wa Felista, alikuwa anatazama miguu yake. Mzee akageukia ukuta wa banda, akasema kwa sauti ambayo ingemtosha kuku: "Hakuua ng'ombe. Nilikosa mimi."

"Jikoni ni mbali, mzee," alisema Sajenti.

Akasema tena, kwa nguvu.

Baada ya muda Neli alitoka jikoni akipangusa mikono. "Anasema amesikia," alitangaza, akimwangalia mume wake bila huruma. "Anasema ndaga, asante, kwa Sajenti na kwa bwana mifugo. Na anauliza, majivu kesho atapeleka nani? Maana yeye hapeleki tena."

Sajenti hakuona kwamba ni kazi yake kujibu. Aliandika taarifa yake, akamtaka jumbe aweke sahihi chini yake, akala ndizi alizopikiwa na Neli na kulala kwa Abdala.

Asubuhi alipokuwa anaondoka alipita kwenye njia ya migombani, ile inayotoka majikoni kwenda bandani. Mzee Asajile alikuwa anakuja kwa mbele yake, amebeba kigae kilekile cha ushahidi kwa mikono miwili. Kilikuwa kimejaa majivu na mifupa iliyochomwa. Kutoka upande wa mtoni alikuwa anakuja Felista, mtungi kichwani, Rut mgongoni.

Mzee alikohoa, kama mila inavyotaka, kumwonya apishe.

Felista alisimama. Alivuta kanga akaficha uso, akageuza kichwa pembeni asimtazame, kama alivyofundishwa siku ya kwanza ya ndoa yake. Lakini miguu yake haikutoka njiani.

Asajile akakohoa tena. Upepo wa ziwani ulichukua majivu kidogo ukampaka ndevuni. Alingoja, na Felista akangoja, na mtungi haukumwaga hata tone. Kisha mzee akainua mguu mmoja, halafu wa pili, akaingia migombani na kigae chake, akasimama humo mpaka mke wa mwanawe akapita.